Chumvi Kwenye Kigae

Kivinje, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Somoe,

Mwalimu wangu wa darasa la nne alitufundisha kwamba barua huanza kwa kumuuliza mwenzio hali yake. Hali yako naijua. Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga bibi yako kwa shangazi, umejitanda kanga yangu ya bluu, na kidole chako cha mguu bado kimefungwa kitambaa. Hutarudi kabla ya magharibi, maana bibi yako haachi mtu aondoke kwake bila kula. Kwa hiyo nina muda huu tu. Nimekaa uani, kibao cha kukatia mboga nimekifanya meza, na vyungu vya miiba vimenizunguka.

Lori linaondoka kesho asubuhi. Habari za blanketi, za sabuni na za kuamka mapema nimekwisha kukuambia mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Sitaziandika. Nakuandikia jambo moja ambalo nimeshindwa kulitamka kwa miezi sita. Unaondoka ukidhani kwamba nimekusamehe. Somoe, sikuwa na kitu cha kukusamehe. Ile miche ishirini na minne hukuiua wewe. Nimelijua hilo tangu mwisho wa masika, nikanyamaza.

Sasa nitakueleza kwa mpango, kama nilivyofundishwa, ingawa sijui kama nitaweza.

Mmea wa kwanza wa miiba nilioujua ni mshubiri. Ulikuwa nyuma ya nyumba ya mama yangu, hakuna aliyeupanda wala aliyeutunza, na ulikatwa siku ya haja tu. Ulipofika wakati wa kukuachisha ziwa, mama yangu alikata jani, akaniletea utomvu wake kwenye kifuu. "Mpake," akasema. "Atalia siku mbili, ya tatu atasahau." Nikajipaka. Ukaja mbio, ukashika ziwa, kisha ukaacha. Hukulia. Ulirudisha kichwa nyuma, ukanitazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayejiuliza kama amekosea nyumba. Nilidhani sitayaona macho yale tena.

Miche ya kigeni niliipata baadaye, baba yako, Mungu amrehemu, alipokwisha kufariki. Nilikuwa nikifua nguo kwa memsahibu mmoja wa Kizungu pale bomani, na alipohamishwa aliniachia madebe matatu: mpungate wenye majani kama sahani, dungusi mmoja wa duara uliojaa miiba kama kichwa chenye mvi, na mti mfupi wa miiba wenye maua mekundu madogo ambao jina lake hakuniambia. Majirani walicheka. "Mume amekufa, sasa anafuga nungunungu," walisema. Mimi niliipenda. Kila kitu kingine uani kilikuwa kinanidai: mchicha ulidai maji, kuku walidai pumba, nawe ulidai kubebwa. Miche ile haikuwa ikidai kitu.

Basi nikaiua. Niliona mchanga wake umekauka, nikaihurumia, nikaimwagia maji asubuhi na jioni kama mchicha. Baada ya majuma mawili dungusi ulilainika chini, ukalala upande, na ulipopasuka ulitoa harufu ya muhogo uliolowekwa. Harufu hiyo ikumbuke, kwa sababu itarudi katika habari hii. Nilijifunza taratibu, kwa kuharibu. Nilijifunza kutoboa chungu chini na kuziba tundu kwa kigae, maji yapite na mchanga ubaki. Nilijifunza kwamba mchanga wa pwani una chumvi na haufai, bora ule wa bondeni uliooshwa na mvua, uuchanganye na chokaa ya kuta zilizobomoka. Nilijifunza kwamba ukikata jani la mpungate usilipande siku hiyo. Ulilaze kivulini siku saba, mpaka pale ulipokata pawe na ngozi kavu, ndipo uliweke juu ya mchanga, nalo litatoa mizizi lenyewe bila tone la maji.

Wewe ulikuwa na miaka sita na ulikaa nami katika kazi hiyo yote. Mara ya kwanza uliposhika mpungate bila kitambaa, vinyoya vyake vidogo viliingia katika kiganja chako chote. Nikapasha nta, nikaipaka, ikapoa, nikaibandua, vikatoka navyo. Uliniuliza, "Mama, umejuaje?" Nikakuambia nilijua siku zote. Kwa kweli nilikuwa nimebuni wakati ule ule. Ulikuwa ukiniamini hivyo.

Sasa Bi Fatu. Wewe unamjua kama jirani wa ukuta wa pili ambaye mama yako hasalimiani naye. Mimi namjua tangu tulipokuwa hatuna meno ya mbele. Tulichezwa unyago pamoja, tukaolewa mwaka mmoja, tukafiwa kwa kupishana miezi. Alikuwa akibeba mchanga wa bondeni kichwani pamoja nami, na kila jani nililokata, moja nilimpa. Uani kwake palijaa vyungu kama kwangu. Nilipomwita shoga, nilikuwa na maana ya neno lenyewe.

Mwaka jana memsahibu mpya, mke wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alijaribu kuotesha mawaridi, upepo wa chumvi ukayakausha yote. Akasikia habari za miiba yangu, akaja mwenyewe na mwavuli wake. Alitaka vyungu ishirini na vinne vya kupanga kwenye ngazi za nyumba yake, mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Wakati ule ule ilikuja barua ya shule ya bweni ya Lindi, kwamba umepata nafasi. Malipo ya vyungu yangenunua sanduku lako na kila kilichoandikwa kwenye karatasi ile. Nilikuonyesha barua. Uliisoma mara tatu, kisha ukaenda ukawasomea kuku.

Miche ilikuwa imebakiza majuma mawili kupelekwa ndipo nilipoletewa habari za msiba wa mjomba wako, kule kijiji cha Miteja. Nilikuachia miche, na bibi yako alale nawe. Nilikuambia neno moja: "Usiipe maji, hata ukiionea huruma." Ukasema, "Wallahi, mama, hata tone."

Nilirudi siku ya nane. Nilisikia harufu kabla sijavuka kizingiti cha uani. Muhogo uliolowekwa. Miche yote ishirini na minne ilikuwa imelainika chini, mingine imelala.

Ulisimama katikati ya vyungu. Ulisema hukuigusa. Nikakuuliza nani basi, ukasema hujui, uliamka siku ya pili ukakuta mchanga umelowa ukadhani ni umande. Umande, katika kiangazi kile. Bi Fatu alikuwa amekuja kunipa pole ya msiba, amesimama mlangoni. Alisema kwa sauti ya huzuni, "Shoga, usimpige. Mtoto alifanya kwa huruma. Nilimwona kwa macho yangu, jioni, na kata ya maji mkononi."

Sikukupiga. Laiti ningekupiga. Nilikuambia ukatawadhe, nikauteremsha msahafu, nikakuapisha mbele ya Fatu na bibi yako na wale wanawake wawili waliokuja na Fatu. Uliweka mkono wako juu yake. Mkono haukutetemeka, na mimi nikauona huo kuwa ni ukaidi. Uliapa kwamba hukumwaga maji. Nami, mama yako, nikasema, "Umekula yamini ya uongo."

Macho yale niliyoyaona siku ya shubiri, niliyaona tena.

Kisha nikaongeza langu. Nikasema, "Wallahi, shuleni huendi." Usiku huo huo nikakaa na kalamu, nikawaandikia wakubwa wa shule kwa mwandiko wangu mzuri, pembezoni nimeacha nafasi, hakuna neno lililofutwa, kwamba mtoto bado hajawa wa kuaminiwa. Elimu yote waliyonipa ndiyo niliyoitumia katika barua ile.

Ngazi za memsahibu zilipangwa vyungu vya Fatu. Sikushuku. Nilimshukuru kwamba amelinda heshima ya mtaa.

Mwaka ule wako naujua kwa sehemu tu. Najua kwamba watoto wa chuo cha Kurani walikuita Mla Yamini, na kwamba jina hilo lilikufuata hadi kisimani. Najua uliacha kusema wallahi. Watoto wote wa Kivinje husema wallahi kila baada ya maneno matatu, hata wakibishana habari ya embe, lakini wewe uliacha. Mtu akikuambia "Apa," ulikuwa ukiondoka. Vyungu vyangu uliviacha pia. Ulikuwa ukivipitia mbali, ukijibana ukutani, kama vile miiba imeota upande wako.

Mwisho wa masika ya mwaka huu niliamua kuvipasua vile vyungu vya miche iliyokufa, nipate vigae vya kuzibia matundu. Nilikuwa nimevirundika chini ya paa, na udongo wake umekauka kama jiwe. Nilipokipasua cha kwanza, ndani ya kigae niliona ukoko mweupe, umekizunguka kama utandu wa wali. Nikadhani ni chokaa. Nikaulamba. Ilikuwa chumvi.

Nilikaa chini. Nyumba yetu huteka maji katika kisima cha msikitini, maji matamu, na hakuna kisima kingine ulichowahi kutekea wewe. Maji ya chumvi yapo katika kisima kimoja tu upande huu, kile cha uani kwa Fatu, anachooshea vyombo, na mlango wa uani kwake hufungwa kwa komeo la ndani. Nikapasua cha pili, na cha tatu. Vyote ishirini na vinne vilikuwa na chumvi.

Nikaenda na kigae mkononi. Fatu alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu sitaki uyasikie kwa wengine yakiwa yamepakwa rangi.

"Karibu, shoga," akasema. "Mbona na kigae? Umekuja kupalia moto saa hizi?"

"Lamba."

"Nilambe nini?"

"Kigae. Lamba, uniambie ni maji ya kisima gani."

Alikitazama. Hakukilamba. Vidole vyake viliendelea kusuka. "Shule ilikufaa wewe," akasema. "Mimi nisingejua mpaka kufa."

"Kwa nini, Fatu?"

"Unakumbuka siku ya memsahibu na mwavuli wake? Nilikuwa nimekaa pale pale, kwenye kinu chako. Akauliza miche ya nani. Ukasema, miche yangu. Akauliza mchanga mnaupata wapi. Ukasema, mchanga wangu nautoa bondeni. Yangu, yangu, yangu. Shingo hii ndiyo iliyobeba mchanga huo, miaka minane. Hata jina langu hukulitaja. Memsahibu alinipa mwavuli nimshikie, alidhani mimi mtumishi wako."

"Ungeniambia."

"Nikuambie nini? Kwamba nina wivu?" Akavuta ukili kwa meno. "Mama mkwe wako alikuwa anakoroma. Niliruka ukuta usiku, mara tatu, na ndoo."

"Na mtoto? Mtoto alikukosea nini?"

Hapo ndipo vidole vyake viliposimama. "Mtoto nilimsingizia. Hilo nitalijibu kwa Mungu, wala sikuombi uniondolee. Lakini mimi nilisema neno moja tu mlangoni. Aliyeuteremsha msahafu ni nani? Aliyemwambia yamini yake ya uongo ni nani? Nilijua utakasirika, mwenzangu, nilijua utapiga kelele. Nilidhani mtoto akishaapa utamwamini. Mama yeyote angemwamini."

Nilirudi nyumbani na kigae changu.

Sitakudanganya kwamba nimemsamehe. Jana nilimsikia akicheka upande wa pili wa ukuta, kicheko kile kile cha utoto wetu, nikaingia ndani. Aliyeniumiza ni mtu niliyempa kila jani la pili. Lakini nikiwa peke yangu na kulihesabu jambo hili upya, najikuta namfikiria yeye kwa dakika chache, na kile nilichokifanya mimi kwa saa nzima. Kwa Fatu ulikuwa mtoto wa jirani. Kwangu ulikuwa nani?

Siku ya tatu baada ya hapo niliandika tena Lindi. Sikueleza mengi, niliomba tu kama nafasi bado ipo. Walinijibu kwa wema ambao sikuustahili. Nilipokuambia utakwenda, ulikuwa unachambua mchele. Ulisimama, ukapiga magoti, ukasema, "Ahsante, mama, kwa kunisamehe."

Hapo, Somoe, ndipo palikuwa mahali pake. Neno lilikuwa mdomoni. Nikasema, "Haya, maliza mchele."

Na ukaona nimefunga siku tatu, wala haikuwa Ramadhani. Ukaniuliza, nikasema nalipa funga zangu za mwaka jana. Ukanipikia futari siku zote tatu, uji wa pilipili manga kama ninavyoupenda. Haikuwa funga ya Ramadhani. Ilikuwa kafara ya yamini yangu. Niliapa kwamba huendi shuleni, kisha nikakupeleka. Aliyeapa akavunja ni mimi. Kama katika nyumba hii yupo mtu wa kuitwa lile jina la watoto wa chuo, ni yule uliyekuwa ukimkorogea uji.

Nimejiuliza kwa nini nilinyamaza. Niliona aibu, ndiyo, lakini si hiyo peke yake. Uliponishukuru niliona raha. Kwa mwaka mzima hukunitazama vizuri, na siku ile ulinitazama, na mimi sikutaka kukurudisha nyuma. Nilikula shukrani isiyo yangu, nikashiba. Mtu akikuumiza huko uendako, na baadaye akawa mwema mno kwako, usiogope kumuuliza sababu. Na mtu akikuambia habari ya mwenzako, akasema ameona kwa macho yake, kwanza nenda katazame chungu.

Utapata marafiki Lindi. Watakuwapo watoto wa Rondo, wa Kitomanga, wa kila mahali, na mmoja atakuwa shoga yako. Usimwogope kwa ajili ya Fatu. Mimi nilikaa na Fatu vizuri kwa miaka thelathini, na miaka hiyo haikuwa ya uongo. Jambo likiwa lenu, useme letu, hasa mbele ya wageni. Hilo nimelijua nikiwa nimechelewa.

Juma lililopita, mvua ile ya ghafla iliponyesha, nilikuwa sokoni. Nilikimbia nikijua nitakuta vyungu vimejaa maji. Nilikuta vyote vimeingizwa chini ya paa, vimepangwa, vile vya dungusi nyuma na vya mshubiri mbele, jinsi nilivyokuonyesha ukiwa na miaka sita. Ulikuwa ndani unashona. Nilisimama pale mvuani, nikavihesabu.

Leo mchana, ulipokuwa unafua, nilikwenda chuoni. Nilimwomba Mwalimu ruhusa nikasema mbele ya watoto wote kwamba Somoe aliapa kweli, na kwamba mama yake ndiye aliyesema uongo juu yake. Mtoto mmoja alicheka, mwenzake akampiga kiwiko. Mwalimu aliniuliza, "Yeye mwenyewe umemwambia?"

Nikasema, "Bado, Mwalimu."

"Basi umekuja kwetu kufanya nini? Sisi hukutukosea."

Baada ya hapo nilipita kwa wale wanawake wawili waliokuwapo siku ya msahafu, nikawaambia pia. Mmoja alilia. Mwingine alisema alijua siku zote kwamba wewe si mwongo, nikamuuliza mbona hakusema, akaingia ndani. Bibi yako sijamwambia, kwa kuwa uko naye sasa, na nataka ulisikie hili kwangu kwanza. Akilini mwake wewe ulisamehewa zamani. Hata hilo itabidi nikamvunjie.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini ya nguo zako, uikute Lindi. Kisha nikaona kwamba huo ni ujanja mwingine. Ungeisoma ukiwa mbali, ungelia mbele ya wageni, nami hapa ningekuwa nimekwisha kuagwa na kukumbatiwa kwa jina la mama mwema. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukirudi jioni hii, na taa nitakuwa nimeiwasha.

Isome humu ndani. Kama una hasira, kasirikia hapa, nyumbani kwako, kwa sauti utakayo, hata Fatu asikie. Usinisamehe haraka kwa sababu lori linangoja. Msamaha ukichukua mwaka, uchukue, na ukichukua zaidi, mimi nipo. Shule ni yako hata hivyo. Uliipata mara mbili, na mara zote mbili uliipata wewe.

Kesho ukitoka bila kunipa mkono, sitakulaumu wala sitawaambia watu kwamba una haraka. Sanduku nitalibeba mimi. Nitatembea nyuma yako mpaka kwenye lori, na wakiniuliza mbona mtoto anatangulia bila kusema na mama yake, nitawaeleza sababu.

Mama yako